Re: Mdogo wangu kashikwa na kawunyemu (msako wa polisi wa Uganda wa kupima madereva ulevi), nifanyeje?

Dada wa Kansanga aliandika:

Ndugu zangu, hamjambo. Mdogo wangu alisimamishwa jana Ijumaa usiku akiendesha kutoka Kabalagala, hapa Kampala, akapulizishwa kile kifaa cha kupima pombe, wakamlaza kituoni. Gari pia wamelizuia. Ni Mkenya, yuko huku kwa masomo. Nimepiga simu, aliyepokea akaniambia nije na laki tano "ya bond" ndipo atoke. Nilipe? Mama nyumbani bado hajui, na sitaki ajue kabla kijana hajatoka.

Jibu, kutoka Ntinda:

Pole sana dada. Usilipe. Hapa Uganda bond ya polisi, yaani karatasi ya kumwachia mshikwa kwa ahadi ya kurudi kuripoti, ni bure. Pesa huingia pale kesi inapofika kortini na hakimu akaweka dhamana ya fedha, na hiyo hulipwa benki, unapewa risiti. Anayekutajia laki tano kwa simu anataka za mfukoni mwake.

Lakini nenda sasa hivi, usingoje Jumatatu. Ibara ya 23 ya Katiba inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 48, ila wikendi korti hazikai, na aliyeshikwa Ijumaa usiku asipopata bond mara nyingi hulala ndani mpaka Jumatatu. Tafuta mdhamini mwenye makazi ya kudumu, ikiwezekana Mganda mwenye kitambulisho cha taifa, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, la kwake. Wewe beba pasipoti ya kijana na barua ya chuo. Ukifika, omba kumwona mkuu wa kituo mwenyewe, usiishie kwa askari wa kaunta. Zungumza Kiswahili bila woga, askari wengi wanakielewa vizuri. Ibara hiyo hiyo inasema mshikwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Kortini pia ana haki ya mkalimani asiyemlipa.

Sasa nikwambie na upande wa pili, kwa sababu nampenda huyo kijana kama ndugu yangu ingawa sijamwona. Bond ni bure, kesi si nyepesi. Kiwango cha mwisho kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Akizidi hapo, hakimu ana nafasi ya kumtoza faini, kumfunga, au kumzuia kuendesha kwa muda. Kama hakugonga mtu wala gari, hilo litamsaidia sana. Angegonga na mtu akafa, tungekuwa tunazungumza habari za gereza la Luzira. Kabla ya kukiri lolote aombe kuonyeshwa kipimo kilisoma ngapi, na mtafute wakili hata kama ni wa ushauri wa siku moja tu. Hatia ikiandikwa, itamfuata siku atakapohitaji cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi au viza.

Kaka wa Naalya aliuliza:

Kwetu Kenya si Mahakama ya Rufaa ilizitupa zile kanuni za alcoblow, kipimo cha pombe cha kupuliza, mwaka 2017? Hawezi kujitetea hivyo? Halafu, mtu akilala kwanza na akanywa kahawa asubuhi, yuko salama?

Jibu, kutoka Ntinda:

Kaka, hukumu ile ilihusu kanuni za Kenya, haivuki mpaka wa Busia. Na hata kule, kuendesha ukiwa umelewa kulibaki kosa.

La kahawa ndilo linaloniumiza roho, maana vijana wetu wengi wanaliamini. Chukua bia ya Nile Special moja, mililita 500, asilimia 5.6. Ndani yake mna gramu kama 22 za kileo. Ini la mtu wa kawaida linachoma gramu saba au nane kwa saa. Yaani chupa moja inataka karibu saa tatu. Aliyemaliza chupa ya nne saa sita usiku, saa moja asubuhi akishika usukani kwenda kazini, kileo bado kimo, hata kama ameoga na macho ni meupe. Kahawa inakuondolea usingizi tu, kwenye damu haigusi kitu. Ukitoka kwenye harusi umekunywa, acha gari hapo hapo, panda boda au teksi, ulirudie mchana.

Dada wa Kansanga aliandika:

Ametoka! Tumemaliza saa tisa, bila shilingi. Mkuu wa kituo alitusikiliza vizuri. Atarudi kuripoti Jumatatu. Gari bado wanalo.

Jibu, kutoka Ntinda:

Alhamdulillahi. La gari msigombane leo. Jumatatu nendeni na kadi ya gari na bima, na dereva mwingine mwenye leseni halali. Ile karatasi ya bond ipigeni picha, ile ya asili akae nayo, na tarehe ya kuripoti asiikose hata kama ana mtihani. Aombe chuo kimpe nafasi nyingine. Akikosa, watamtafuta, na bond ya pili haipatikani kirahisi. Jumatatu nina nafasi asubuhi, mkitaka nitawasindikiza.