Tupeane uzoefu: ushawahi kuvunja mkataba ukarejeshewa pesa zako?

Mkaazi wa Fuoni
Asalam alaykum. Nafungua uzi huu kwa sababu kila siku nasikia mtu hapa Unguja analia "nshasaini, basi tena". Si kweli. Dada yangu yuko London, kule ukinunua kitu mtandaoni una siku 14 tangu kikufikie kubadili nia bila kuulizwa sababu, kanuni zao za 2013. Sheria ya mikataba ya kwetu ina mlango wake: umedanganywa, umetishwa, au mtu katumia ukubwa wake juu yako, una haki ya kuubatilisha. Ila fanya haraka, ukishajua umedanganywa kisha ukaendelea kama kawaida unahesabika umeridhia. Haya, yaliyokukuteni?

Bint Wete
Sie tulinunua shamba la mikarafuu, muuzaji kaapa lake peke yake, kumbe mirathi, na ndugu zake wengine hawana habari! Ami akasema msiguse hata karafuu moja, maana mkichuma mtaambiwa mmekubali. Tukenda kwa sheha na karatasi yetu ambayo imeandikwa wazi "mali yangu binafsi", wale ndugu nao wakaja wakasema hawajauza. Pesa tulirejeshewa kidogo kidogo, roho juu mpaka ya mwisho ilipoingia, lakini zilirudi zote alhamdulillah.

Abuu Salma
Mie kabati. Risiti inasema mvule, kufika nyumbani mtoto kakwaruza rangi, ndani msonobari. Fundi akang'ang'ania arubuni hairudi. Nikamwambia yakhe, arubuni hairudi mie nikibadilisha nia, hapa wewe ndo umebadilisha mbao. Karejesha. Ile risiti ndo iliyosema, bila ya ile ningeambiwa muongo.

Mama Jang'ombe
Sisi ukumbi wa harusi, wazee wakaakhirisha, advansi ikapotea. Mkataba ulisema hivo na hakuna aliyetudanganya, hatukuwa na la kusema.

Mkaazi wa Fuoni
Mama pole. Ndo hapo pa kuweka sharti mapema, fiqhi yetu ya Kishafii inaruhusu mnunuzi kuweka khiyari, yaani haki ya kuvunja mauzo, mpaka siku tatu tangu kuuziana, na mie sasa naliandika hilo kwenye karatasi kabla sijatoa hata shilingi, muuzaji akikataa nakwenda duka jengine. Aliyefika mahkamani kwa jambo hili asimulie, hasa wa Pemba.