Naomba ushauri: majina ya Kiingereza ya mbinu za michezo hayanikai kichwani

Kocha Chipukizi

Wanajukwaa, habari zenu. Ninafundisha vijana mpira wa miguu na mpira wa wavu, na karibuni nitaanza kozi ya ukocha ambayo masomo na mitihani yake yote ni kwa Kiingereza. Mbinu zenyewe ninazifahamu vizuri: chenga, tobo, kanzu, tikitaka, krosi, na hata namna ya kumrekebisha kijana anayepiga shuti huku mwili umelala nyuma. Ninapokwama ni katika kuzieleza kwa lugha hiyo. Nimekariri orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti, lakini nikitakiwa kueleza tendo moja tangu mwanzo hadi mwisho, maneno hayaji, na yakija hayashikamani. Zaidi ya hayo, neno lilelile ninalikuta katika mchezo mwingine likiwa na maana nyingine kabisa. Waliopita njia hii walijifunza vipi?

Mwalimu wa Viungo

Ndugu yangu, hiyo orodha ya alfabeti iweke kando, kwa sababu mwili hauchezi kwa alfabeti. Chagua tendo moja na ulifuate hatua kwa hatua. Katika wavu, kwa mfano, anza na smashi, ambayo wao huiita "spike". Mchezaji anaukimbilia mpira kwa hatua chache, nayo ni "approach"; anakita miguu, "plant"; anaruka, "jump"; anauzungusha mkono, "swing"; anakunja kifundo cha mkono kwa ghafla juu ya mpira, "snap"; kisha anatua, "land". Simama ulifanye tendo hilo polepole, na kila neno ulitamke pale pale kiungo kinapohusika. Ukifanya hivyo kwa mapokezi, kwa kuinua mpira na kwa kuzuia kwenye wavu, utakuwa na sentensi kamili badala ya maneno yaliyotawanyika.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowaangusha wengi, ni kukariri jina bila kitenzi chake. Penalti na kona kwa Kiingereza "zinachukuliwa", yaani "take". Ngumi "inarushwa", "throw", na ikimfika mpinzani husemwa kuwa "imetua", "land". Andika jina na kitenzi pamoja tangu siku ya kwanza.

Mpenda Raga

Kuhusu neno moja kubeba maana mbili, tahadhari zaidi na "tackle". Kamusi fupi iliyo ndani ya Sheria za Mpira wa Miguu za IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani, inalieleza kuwa ni kuugombea mpira kwa mguu, uwe chini au hewani. Katika raga, "tackle" ni kumshika mchezaji mwenye mpira na kumwangusha chini, tendo ambalo kwenye soka ni faulo ya wazi. Vivyo hivyo "cross" katika soka ni krosi tunayoijua, lakini katika ndondi ni ngumi iliyonyooka ya mkono wa nyuma, ilhali ile ya mkono wa mbele huitwa "jab". Kwa hiyo usiandike neno bila kutaja mchezo wake. Si maneno yote yanayobadilika, hata hivyo: "volley", katika tenisi na katika soka, ni kuupiga mpira kabla haujagusa chini.

Shabiki wa Riadha

Ningependa kuongeza kundi la majina yatokanayo na watu, kwa kuwa hayo hayawezi kukisiwa kwa kutazama mwili. Dick Fosbury alishinda dhahabu ya kuruka juu mjini Mexico City mwaka 1968 kwa mita 2.24, akivuka mti kwa mgongo, na mtindo huo hadi leo unaitwa "Fosbury flop". Penalti ya kuudokoa mpira taratibu katikati ya lango huitwa "Panenka", kwa sababu Antonín Panenka alifunga hivyo katika fainali ya Ulaya ya mwaka 1976. Katika kuteleza kwenye barafu kuna mruko uitwao "Axel", wa mtelezaji Axel Paulsen. Mrukaji huondoka akitazama mbele na kutua akirudi nyuma, ndiyo maana una nusu mzunguko wa ziada.

Kocha Chipukizi

Nawashukuru sana. Nimeshaanza kuandika upya kwa kufuata mwili. Je, kwenye mtihani nikiandika "Panenka" peke yake, inatosha? Na kwa kusikiliza, nianzie wapi?

Mwalimu wa Viungo

Haitoshi, ndugu. Andika jina, kisha ulieleze tendo kwa vitenzi: mpigaji anakimbia kana kwamba atapiga kwa nguvu, kipa anaruka upande mmoja, naye anaudokoa mpira katikati. Msahihishaji anataka kuona kwamba unaweza kulifundisha tendo hilo.

Kwa kusikiliza, anza na redio kabla ya televisheni. Mtangazaji wa televisheni hunyamaza kwa sababu picha inaonekana, lakini wa redio analazimika kueleza mpira uko wapi, umepigwa kwa mguu gani na umekwenda vipi. Chukua dakika tano tu za matangazo yaliyorekodiwa, uandike vitenzi pekee, urudie kusikiliza, kisha utangaze mwenyewe kwa sauti kipande hichohicho.