Naomba ushauri: karani wa hesabu, nibaki Mwanza au nihame?

Habari zenu wakuu. Nina diploma ya uhasibu na ATEC II (cheti cha ngazi ya fundi uhasibu) ya NBAA, bodi ya wahasibu. Kwa sasa ni karani wa hesabu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza: risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), ritani za VAT kila mwezi, na kufukuzana na wateja waliokopa. Mshahara haupandi.

Dodoma naona nafasi nyingi ni za serikali kupitia Ajira Portal, na usaili wake ni umati. Geita na Kahama kuna migodi, ila nasikia makarani huajiriwa na wakandarasi, tena kwa mikataba mifupi. Mliopo huko, hali ikoje? Waajiri wanataka programu gani ya hesabu, Tally au QuickBooks? Au nikomae na CPA (cheti cha juu cha uhasibu) kwanza? Tafadhali msiniambie "jiajiri", mtaji sina.