Naomba ushauri: vidukari kwenye mawaridi, niko Moshi

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, upande wa Rau. Baridi ya Julai imepita, jua limerudi, na mashina tisa ya mawaridi aliyoniachia marehemu mama yameanza kuchipua. Niliyapogoa, nikaondoa matawi makavu, nikaweka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Nilifurahi mno kuona machipukizi.

Sasa yamejaa vidukari wa kijani. Majani yananata na kujikunja, na sisimizi wanapanda na kushuka kutwa nzima. Najua sisimizi huwalinda vidukari kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa, ndiyo maana nauliza: nianze na yupi?

Nimepuliza maji ya sabuni mara mbili, jioni, hasa chini ya majani. Wanapungua, siku ya nne wamerudi. Dukani wananishauri sumu, lakini moyo unakataa: nyuki wanatua hapo, na nimeona wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari. Sitaki kuwaua.

Kuna aliyetumia mwarobaini? Kwa kipimo gani, na kila baada ya siku ngapi? Waridi jekundu la mlangoni ndilo linaloniumiza zaidi, mama alilipanda mwenyewe.