RHCSA au LPIC-1: anayetaka kazi ya seva aanze na kipi?

Mleta mada: Wakuu, vijana wanauliza kila mara waanze na cheti gani ili waajiriwe kusimamia seva. Msimamo wangu: kama ni seva za mfumo wa Linux, fanya RHCSA, cheti cha kampuni ya Red Hat; LPIC-1, cheti cha shirika la LPI, achana nayo. Tazameni mtihani wenyewe. RHCSA haina maswali ya kuchagua jibu. Unawekwa mbele ya mashine kwa saa 3: fungua akaunti za watumiaji, gawa diski, weka sawa SELinux, ulinzi wa ndani wa mfumo. Na kila ulichofanya lazima kidumu mashine ikiwashwa upya. Kosea mstari mmoja tu kwenye fstab, faili la kuunganisha diski, mashine inagoma kuwaka na jasho lako limepotea. Hiyo ndiyo kazi ya admini! LPIC-1 ni mitihani miwili, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90. Mwenye kipaji cha kukariri anapita bila kugusa seva ya mtu.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, umewaonea. Kwenye LPIC-1 kuna maswali ya kujaza pia, unaandika komandi mwenyewe. Tena wanapima zana za kusakinisha programu za koo zote mbili za Linux, apt ya Debian na rpm ya Red Hat. Ofisi inayoendesha Ubuntu, Linux ya ukoo wa Debian, inatumia AppArmor kwa ulinzi huo, hiyo SELinux yako utaikuta wapi? Halafu cheti cha LPI kinadumu miaka 5, cha Red Hat 3. Anayejilipia mwenyewe aliangalie hilo.

Mleta mada: Miaka nakubali. Lakini LVM (kugawa diski), systemd (kuendesha huduma) na ssh (kuingia seva ukiwa mbali) ni zilezile kote. Na mazoezi hayana gharama, Rocky na AlmaLinux, Linux zinazofanana na ya Red Hat, zinapatikana bure.

Mchangiaji wa 2: Mnabishana kana kwamba kila ofisi ni Linux. Someni matangazo ya kazi: wanataka Active Directory (usimamizi wa akaunti kwenye Windows), Microsoft 365. Huko chukua AZ-104, cheti cha kusimamia Azure, wingu la Microsoft; kukihuisha kila mwaka ni bure mtandaoni. Ila mjue Microsoft hawana huruma, vyeti vyao vya zamani, MCSA na MCSE, walivifuta Januari 2021.

Mleta mada: Wa Windows aende, sijamzuia. Nirudi kwa mchangiaji wa 1: seva imelala saa nane usiku, utampigia nani, mwenye RHCSA au mwenye LPIC-1?

Mchangiaji wa 1: Aliye zamu. Kabla ya kumwajiri nilishampa mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine) iliyoharibika airekebishe mbele yangu. Kwa hiyo kwenye CV, LPIC-1 inanitosha.