Fuvu la Mkwawa: libaki kwenye kioo Kalenga au likazikwe Mlambalasi?

Kamwene wadau. Naomba tulijadili hili bila kutukanana, maana huku Iringa kila likiguswa watu hupandisha: fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liendelee kukaa kwenye sanduku la kioo pale makumbusho ya Kalenga, au lipelekwe Mlambalasi kulikozikwa kiwiliwili chake?

Mimi nasema likazikwe.

Kwa wageni wa habari hii: ngome ya Kalenga iliangushwa Oktoba 1894, lakini Mkwawa hakusalimu amri. Aliwasumbua Wajerumani porini karibu miaka minne, wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayewapatia kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi Mlambalasi wasimkamate. Walipoukuta mwili wakakata kichwa, kikaishia Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliwapa Wajerumani miezi sita wakirudishe. Kilirudi 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Sasa nendeni Kalenga siku ya ziara ya shule. Watoto wanapita mbio kwenye mikuki na ngao, wanakwenda kubanana mbele ya kioo. "La kweli hilo?" Wa nyuma wanasukuma, walimu wanapiga picha. Habari ya Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walipokiteketeza kikosi cha kamanda Mjerumani Zelewski na yeye mwenyewe akafia hapo, inasimuliwa nusunusu kwa sababu macho yote yako kwenye mfupa. Huyo ni babu ya watu walio hai hapo hapo kijijini. Nani kati yetu angekubali babu yake awekwe hivyo?

Mdau mmoja kaniambia fuvu likiondoka Kalenga itakufa, hakuna mtalii atakayekata kona kutoka barabara ya Ruaha. Siamini. Silaha zipo, historia ya ngome ipo, na Mlambalasi yenyewe ingepata wageni ambao leo hawafiki. Tatizo la Kalenga ni maelezo machache ukutani na wazee wanaokufa na simulizi zao za Kihehe bila kurekodiwa. Hapo ndipo pesa ziende.

Wengine wanasema hata hatuna uhakika ni lake. Kweli, Twining alilichagua Bremen kati ya mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Lakini hoja hiyo inanipa nguvu mimi! Kama si la Mkwawa, basi ni la Mwafrika mwingine aliyenyang'anywa kichwa, naye tumemweka kwenye maonyesho kwa jina lisilo lake. Ukoo ukiridhia, vinasaba vipimwe kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba radhi kwa mauaji ya Maji Maji, na ukoo wa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, bado unadai kichwa cha mzee wao. Moshi nako wanakitafuta cha Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani 1900. Tunawaambia Wazungu kwamba mabaki ya binadamu si vitu vya kabatini, yarudi yapumzike. Yakirudi, tutayatengenezea kabati letu?

Najua wapo Wahehe wanaoona fuvu pale Kalenga ni heshima, kwamba Mtwa yupo nyumbani anatazama watu wake, na kumfukia ni kumficha mara ya pili. Hiyo ndiyo hoja pekee inayonisumbua, na sina haki ya kuwashinda kwa kelele. Neno la mwisho ni la ukoo wake, si langu wala la wizara.

Kwa hiyo nataka kuwasikia hasa watu wa Kalenga wenyewe, na walimu mnaopeleka wanafunzi. Fuvu lingeondoka mwakani, ninyi mngepoteza nini?