Marafiki 20 nyumbani kabla ya Krismasi: mapambo gani ya mkono yanakamilika mchana mmoja?

Kijani_Tegeta
Wakuu habarini. Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi nakaribisha marafiki kama 20 hapa Dar, kuanzia saa 8 mchana mpaka jioni. Badala ya kula na kuagana, nataka tukae tutengeneze mapambo na kadi kwa mkono, kila mtu aondoke na chake. Wengi hawajashika mkasi na gundi tangu shule ya msingi. Kuna baraza yenye feni, meza mbili, na mfuko wa vipande vya vitenge kutoka kwa fundi. Nifanye kazi zipi, na vifaa kiasi gani? Chakula nikipange vipi kisiharibu kazi? Na tawi la mvinje linafaa kuwa mti wa Krismasi, au ninunue tu wa plastiki?

FundiUkili
Karibu mkuu. Kwa watu 20 usizidishe kazi mbili, ukiweka tatu hakuna hata moja itakayoisha.

Ya kwanza iwe nyota ya kusuka. Wajerumani huiita nyota ya Fröbel, lakini aliyewahi kusuka ukili wa mkeka ataishika upesi. Kila nyota inataka kanda 4 za karatasi zinazolingana, urefu uwe kati ya mara 25 na 30 ya upana. A4 ina urefu wa sm 29.7, kwa hiyo ukanda uwe na upana wa sm 1, na nyota itakuwa na sm 4 hivi toka ncha hadi ncha. Kwa wanaoanza chukua A3, kata kwa upana wa sm 1.5, nyota itafika sm 6 na vidole vitapata nafasi. A3 moja inatoa kanda 19, yaani nyota 4 na akiba ya kanda 3. Nyota mbili kwa kila mgeni ni karatasi 10. Nunua 12.

Kusuka kwenyewe: kunja kila ukanda katikati, ncha zake uzikate mshazari ili zipenye kirahisi. Panga kanda nne kwa kuzunguka, kila mmoja ncha zake zipenye ndani ya mkunjo wa jirani yake, na ule wa nne ujifunge kwa wa kwanza. Vuta ncha zote kidogo kidogo mpaka katikati pabaki mraba usio na tundu. Hapo kila upande una ncha mbili zilizolaliana. Ile ya juu ikunje irudi kupita juu ya mraba, endelea hivyo kwa kuzunguka, na ya nne ichomekwe chini ya ile ya kwanza. Geuza. Sasa una ncha nane zilizosambaa. Kila ncha ikunje mshazari kwenda nje, ikunje mshazari tena ishuke, funga ile pembetatu kwa kuikunja katikati, kisha ukanda uingie kwenye mfuko ulio chini yake. Nne upande huu, nne upande ule, ziada kata. Ishia hapo. Ipo hatua nyingine ya kusimamisha pembe katikati ya nyota, lakini ndipo karatasi za wageni zinapochanikia.

Nyota nyingi zinaharibikia kwenye kukata, kabla hata ya kusuka. Ukanda mmoja ukizidi mm 1 tu hauingii mfukoni. Kata mwenyewe siku moja kabla, kwa rula ya chuma na wembe, usiwaachie wageni mikasi. Karatasi ya gramu 80 inatosha, ya 120 ni nzuri zaidi, manila inavunjika kwenye mkunjo. Iwe na rangi pande zote mbili, maana karatasi za kufungia zawadi zina weupe nyuma na weupe huo utaonekana. Halafu hewa ya Dar mwezi wa 12 ni nzito: kanda zikiachwa wazi usiku kucha zinalegea na hazichomeki. Zifunge kwenye mfuko wa nailoni mpaka wakati wa kazi.

Cherehani_Kimya
Vile vipande vya vitenge tengeneza vibendera vya kamba, hata asiyejua chochote anaweza. Pembetatu iwe na kitako sm 16 na kimo sm 20, chora kiolezo kwenye kadibodi. Kama una kitambaa kizima, upana wa kitenge ni sm 115 hivi: kata mkanda wa kimo cha sm 20, panga pembetatu moja juu moja chini, unapata 13 kwa mkanda. Mita moja ya kitambaa inatoa mikanda 5, vibendera 65. Ukiviachanisha sm 4 vinajaza kamba ya mita 13, ongeza mita moja ya kufungia.

Tahadhari: mpangilio huo unageuza nusu ya vibendera kichwa chini. Kitenge chenye ndege au majani yanayotazama juu kitakuumbua, chagua maua ya duara au michirizi. Kanga nazo ziache, hakuna anayetaka kusoma nusu ya jina likining'inia barazani.

Pindo la pamba linatoka nyuzi. Badala ya kushona, chovya kitambaa kwenye uji mwepesi wa muhogo (kijiko kimoja cha chakula cha unga kwa lita moja ya maji, chemsha ukikoroga), anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo, ndipo ukate. Kinakuwa kigumu na nyuzi zinatulia. Kwenye kamba, kunja sm 2 za kitako juu yake na bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Bana kwa vibanio vya nguo mpaka ikauke, na feni izimwe, la sivyo vibendera vitajigandisha vyenyewe kwa vyenyewe.

Migombani_Moshi
Kwa kadi tumia magome makavu ya mgomba. Yana rangi za asili kuanzia krimu hadi kahawia iliyokolea, hupaki rangi yoyote. Chukua yaliyojikaukia kwenye shina, yafute kwa kitambaa chenye unyevu, yalaze chini ya vitabu vizito siku mbili tatu. Haraka ikikubana, pasi ya moto mdogo juu ya karatasi itayanyoosha. Gome lenye unyevu likibandikwa, ukungu unatokea ndani ya wiki na kadi inajikunja.

Manila ya A4 ikate katikati, kila nusu ikunje, unapata kadi 2. Kwa kadi mbili kila mtu, manila 20. Waambie wakate maumbo makubwa na machache: mlima, nyumba, mtu na ngoma yake. Vipande vidogo kama ukucha vinatoka kadi ikiwa bado ndani ya bahasha.

Bi_Kachumbari
Mngeweza kuokoa hela kwa gundi ya unga wa ngano. Vijiko 3 vya unga, nusu kikombe cha maji baridi, koroga mabonge yaishe, mimina kwenye kikombe na nusu cha maji yanayochemka, koroga mpaka ing'ae.

Chakula kije baada ya kazi, usibishane na hilo. Mkono wenye mafuta ya pilau ukigusa karatasi, doa halitoki. Wakati wa kazi weka karanga, maembe yaliyokatwa na uma, na juisi ya ukwaju kwenye meza yake peke yake. Pilau ya watu 20 ni mchele kilo 2 na nusu, nyama kilo 2 na nusu, ipikwe kabla hawajafika na kuachwa imepaliwa makaa. Nyanya za kachumbari zikate wakati watu wananawa, zikikaa na chumvi zinatoa maji.

Migombani_Moshi
Bi mkubwa, gundi ya unga kwenye kadi hapana. Mende wanaila pamoja na gome, na ina maji mengi, manila inajikunja. Afadhali ya mbao, sehemu 3 kwa 1 ya maji, ipakwe kwa brashi. Ya unga ibaki kwa minyororo ya karatasi ya watoto, na itumike siku hiyohiyo kwa sababu inachacha.

Kijani_Tegeta
Asanteni sana. Basi nyota na vibendera siku hiyo, kadi nitawapa vifaa waende navyo nyumbani. Na mvinje je? Meza nifunike kwa magazeti?

FundiUkili
Magazeti yanaachia wino kwenye karatasi nyeupe na kwenye vitenge vyenye unyevu, tandika karatasi ya kaki. Panga meza kwa kazi: watu kumi wakae kwenye nyota, kumi kwenye vibendera, wabadilishane baada ya dakika 75. Kila meza iwe na mtu mmoja uliyemfundisha jana yake. Mikasi 5 kwa meza ya vibendera inatosha, ya nyota inataka 2 tu za kukatia ziada.

Mvinje unafaa, ila usikate ya ufukweni, ile inazuia mchanga usimomonyoke. Omba kwa mwenye kiwanja, tawi la mita 1.5 hadi 2. Ndoo ya lita 20, mawe chini, mchanga mpaka karibu na ukingo, maji kila siku, maana likikauka linapukutika. Matawi yake ni laini, kwa hiyo zitundike nyota za karatasi tu, vitu vizito vitayainamisha. Na mshumaa usikae karibu nalo kabisa. Ukitaka mwanga wa moto, weka mishumaa kwenye chupa pana za jemu zenye mchanga sm 3 chini, kwenye meza ya chakula, mbali na vibendera na nje ya upepo wa feni.